Safari ya Kutafuta Vyombo vya Tandiko: Kasulu na Kibondo

Yuko mpwa wangu mmoja katika mji wa Kasulu ambaye kazi yake ni kushona viatu. Ana kibanda chake karibu na soko, na riziki yake huipata kwa msharasi na uzi. Mwaka jana alikwenda Arusha kumzuru dada yake, na huko akakutana na bwana mmoja afugaye farasi, kwani katika pande zile wako wageni wapendao kutembelea nyika juu ya migongo ya farasi. Bwana yule alipoiona kazi ya mikono yake alimwambia: “Ukiweza kunishonea tandiko moja la kimagharibi, lile la wachunga ng’ombe wa Marekani, na likawa zuri, nitakupa kazi nyingine.”

Kijana akarudi kwao hali amejaa furaha. Akatwaa nusu ya akiba yake ya miaka 2, akaipeleka kwa mfanyabiashara wa mbali aliyejitangaza kuwa anauza vyombo vyote vya kazi hiyo. Vyombo vilipofika, visu vilikuwa vya bati laini visivyoshika makali, na misharasi ilipinda siku ile ile ya kwanza. Rafiki zake wakamshauri aiweke nusu iliyobaki katika pikipiki ya kuchukulia abiria, aachane na ndoto za farasi. Naye, kabla ya kuamua, akaniita mimi mjomba wake, niliyefundishwa na marehemu baba yangu kushona makobazi huko Ujiji. Akasema: “Mjomba, njoo unitazamie. Ikiwa vyombo havipatikani, nitaiacha kazi hii na moyo wangu utatulia.”

Basi nikafunga safari. Nayasimulia haya, ndugu msomaji, kwa kuwa niliyoyaona njiani yawahusu wengi wenye vijana nyumbani.

Atokaye Kigoma kwenda Kasulu huliacha ziwa nyuma yake, akapita Kidahwe, na tangu hapo nchi huanza kupanda. Joto la Tanganyika humwacha kidogo kidogo, na badala yake huja upepo wa vilimani. Mji wa Kasulu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,200. Pande zote ni vilima vya kijani, migomba, mashamba ya maharage, na ng’ombe wachache wachache wakichungwa mabondeni. Hii ndiyo nchi ya Uha, na karibu na Kasulu pako Heru Juu, palipokuwa makao ya watawala wa Heru tangu zamani.

Lakini tangu mwanzo wa safari lilikuwa likinisumbua jambo moja: nchi hii haina farasi. Tena si kwa bahati mbaya. Mwezi wa Novemba 1871, Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alipita katika Uha hii akitozwa hongo ya nguo mara kwa mara, hata akaamua kuwatoroka wenyeji usiku. Alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Machi mwaka ule alikuwa na farasi 2, na wote wawili walikufa kabla safari haijafika mbali. Misafara yote iliyokuja Ujiji ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, kwa sababu katika mapori ya miombo mbung’o huua farasi kwa ugonjwa wa nagana. Hata wanadamu hawakusalimika. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Uha, hasa upande wa Kibondo, ikawakusanya katika makazi makubwa ili kuwaepusha na malale. Je, katika nchi kama hii, tandiko la farasi litashonwa na nani, na kwa vyombo gani?

Jibu la kwanza nililipata barabarani. Tulipokuwa tukipanda mlima tuliwapita watu wakisukuma baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa na madumu ya maji. Farasi wa Uha ni baiskeli. Nayo yaketi juu ya tandiko, na tandiko hilo asili yake ni lile lile la farasi. Mwaka 1866 katika mji wa Birmingham, Uingereza, mtu aliyeitwa J. B. Brooks alianza biashara ya hatamu na vyombo vya ngozi vya farasi. Mwaka 1882 akasajili haki yake ya kwanza ya tandiko la baiskeli, ngozi iliyowambwa juu ya chuma. Fundi wa farasi na fundi wa baiskeli walitoka nyumba moja.

Nilifika Kasulu wakati wa adhuhuri. Mpwa wangu akanipokea mfuko wangu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Hujambo? Hebu nionyeshe hilo tandiko.”

Baada ya sala na chakula akanionyesha picha katika simu yake. Nikaitazama kwa muda mrefu. Tandiko la kimagharibi si mto wa kukalia tu. Ndani yake umo mti, yaani kiunzi cha mbao chenye vibao viwili vinavyolala kulia na kushoto kwa uti wa mgongo wa mnyama, ili uzito wa mpandaji usiguse mfupa. Mbele yake imesimama pembe ya kufungia kamba ya kumkamatia ng’ombe. Nyuma pameinuka egemeo. Kiunzi hicho hufunikwa kwa ngozi mbichi iliyolowa, nayo ikikauka hukaza kama chuma. Juu yake ndipo huja ngozi nene iliyolainishwa kwa magome ya miti, kisha mikanda ya vikuku na mshipi wa tumbo. Tandiko zima huwa na uzito wa kilo 12 hata 20.

Nikamwambia: “Usidhani jambo hili ni geni kabisa kwetu. Wamarekani waliliiga kwa wachunga ng’ombe wa Meksiko, na hao walifundishwa na Wahispania. Na Wahispania nao mtindo mmoja wa kupanda farasi waliuchukua kwa Waislamu wa Andalusia na wapanda farasi wa kabila la Zenata kutoka Afrika ya Kaskazini. Neno la Kihispania la mpanda farasi, *jinete*, limetokana na jina la kabila hilo. Na ngozi ya Cordoba ilisifika Ulaya yote, hata Waingereza wakamwita fundi wa viatu kwa jina lililotokana na mji ule.” Kijana akacheka, akasema: “Basi, mjomba, mimi nadai urithi wangu.”

Tukaketi tukaandika vinavyotakiwa: kisu kipana cha umbo la mwezi mwandamo, misharasi ya chuma kigumu, sindano butu jozi moja, koleo la mti la kubania ngozi kati ya magoti, kigurudumu cha kuhesabia mishono, uzi wenye nguvu, nta, ribiti za shaba, bizimu na pete, mbao za mti wa tandiko, ngozi mbichi, na ngozi nene iliyotengenezwa. Kisha tukaanza kutafuta.

Visu na misharasi havikututesa. Waha ni watu waliojua uhunzi tangu kale, na mzee mmoja mhunzi, nje kidogo ya mji, alikuwa na mabaki ya springi za motokaa. Nilimchorea kisu kwa kijiti mchangani. Akatutengenezea kisu na misharasi 3, akaichovya katika mafuta ili ishike makali, na bei yake haikufika robo ya fedha alizopoteza kijana. Kigurudumu cha mishono hatukukihitaji, kwani wauza katambuga sokoni walituonyesha jinsi wanavyopima mishono kwa meno ya uma wa chakula, na mishono yao ilikuwa sawasawa kama mistari ya daftari.

Tatizo likawa ngozi. Tulikwenda machinjoni asubuhi, tukakuta ngozi zimerundikwa chini penye damu na matope. Nikainua moja kuielekeza kwenye jua. Ilikuwa na matundu ya kisu, na penye mgongo, mahali panapofaa kuliko pote, palikuwa pamekatwa katwa. Nikainua ya pili, nayo vivyo hivyo. Ng’ombe mzima alikuwa amefugwa miaka 5, na ngozi yake ikaharibiwa kwa dakika 10. Mpwa wangu akanitazama akasema: “Mjomba, hapa ndipo penye mwisho wa safari yetu.”

Lakini Mwenyezi Mungu alikuwa ametuandalia somo. Siku ile alasiri tulialikwa akika katika nyumba ya jirani. Mbuzi akachinjwa, akatundikwa, na kijana mmoja akaanza kumchuna kwa haraka, kisu chake kikiingia na kutoka. Sheikh mmoja mzee aliyekuwapo akasimama, akamwambia kwa upole: “Sogea, mwanangu, nikuonyeshe.” Akakunja mkono wa kanzu yake, akaingiza ngumi baina ya ngozi na nyama, akausukuma mkono mpaka ukazama karibu na kwapa, na ngozi ikaachana na nyama bila kuguswa na kisu. Kisha akatusimulia habari iliyopokewa na Abu Daud, kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alimpita kijana akichuna kondoo, naye hakujua kuchuna vizuri, akamwambia asogee, akaingiza mkono wake mtukufu baina ya ngozi na nyama mpaka ukatoweka hadi kwapani, kisha akaenda kusalisha watu wala hakutawadha upya.

Tukanyamaza wote. Sisi twaisoma habari hiyo katika mlango wa udhu, na ni kweli kwamba wanavyuoni waliiweka huko. Lakini ndani yake limo funzo la ufundi pia: kiongozi wa umma alisimama njiani kumfundisha kijana asiharibu ngozi.

Sheikh akaendelea kutukumbusha mengine. Kondoo wa sadaka aliyepewa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna alikufa, na Mtume akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza na kunufaika nayo. Walipomwambia kuwa ni mzoga, aliwajibu kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Na katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alipotoa ngamia 100, alimwamuru Sayyidna Ali kugawa sadaka nyama zao, na ngozi zao, na hata matandiko yao, wala asimlipe mchinjaji ujira wake kutokana na vitu hivyo. “Mnaona?” akasema mzee. “Ngozi na tandiko vilitajwa pamoja na nyama. Sisi twahesabu nyama peke yake.”

Ngozi ya mbuzi yule tulipewa. Ilitoka bila tundu hata moja. Tukaisugua kwa chumvi ya Uvinza, chumvi ambayo watu wamekuwa wakiipika katika chemchemi za huko kwa zaidi ya miaka 1,000. Kiasi chake ni kama theluthi ya uzito wa ngozi, ipakwe mara nyama na mafuta yanapokwisha kupaliwa, kabla uozo haujaanza. Kisha ngozi hutundikwa katika kiunzi kivulini penye upepo. Ikianikwa chini juani huungua juu na kuoza ndani.

Siku ya tatu tukapanda gari kwenda Kibondo. Njia hupita katika mapori na vijiji, ikauvuka mto Malagarasi, ule utokao katika milima ya mpaka wa Burundi, ukazunguka mbali mpaka katika vinamasi vya Moyowosi, hata ukarudi kuliingia Ziwa Tanganyika. Miti ya miombo ilikuwa imejaa mizinga iliyotundikwa juu ya matawi. Kibondo ni nchi ya asali. Tulimfikia mrina asali mmoja, tukamweleza haja yetu. Akashangaa, kwani wanunuzi wote humtaka asali. Akatuletea donge la nta ya manjano lenye harufu ya maua. Uzi uliopitishwa katika nta hauingiwi na maji upesi, na mshono wake hujikaza wenyewe. Uzi wenyewe nilikuwa nimekuja nao kutoka Ujiji: uzi wa nailoni wa kushonea nyavu za dagaa, ambao wavuvi wetu huuamini hata katika tufani.

Palibaki mti wa tandiko. Katika wilaya hii wamepata kupokewa Warundi wengi waliokimbia misukosuko ya kwao, mwaka 1972, na 1993, na tena 2015, na pamoja nao ulikuja ufundi wa ngoma. Tulimpata mchonga ngoma, mtu wa maneno machache. Mpwa wangu akamwonyesha picha. Mzee akaitazama, kisha akaonyesha kwa kidole jinsi ngozi mbichi inavyolala juu ya kiunzi. “Hii naijua,” akasema. “Ni ngoma isiyopigwa.”

Na kweli ilikuwa hivyo. Kazi ya kuilowesha ngozi, kuivuta juu ya mti, kuifunga, na kuiacha ikaze polepole, ndiyo kazi ya mkono wake tangu utoto. Mti alioupenda ni mringaringa, ambao Warundi huuita mti wa kuzungumzisha ngoma. Ni mwepesi, hauna ukaidi kwa patasi. Alikubali kuchonga vibao viwili na pembe, kwa sharti kwamba kijana akae naye wiki 2, ashike patasi mwenyewe. Mimi nikarudi peke yangu.

Sitaki kumdanganya msomaji. Si kila kitu tulikipata. Ngozi nene iliyotengenezwa kwa magome hatukuipata Kasulu wala Kibondo. Ng’ombe wetu wa nundu na wa pembe ndefu wana ngozi nyepesi kuliko ng’ombe wakubwa wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo mahali pengine fundi hana budi kuunganisha tabaka mbili. Magome ya miwati, miti iliyopandwa Njombe tangu mwaka 1949 kwa kazi hiyo, yako mbali. Kwa anayetaka kujifunza kwa utaratibu, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina tawi lake Mwanza linalofundisha ufundi wa ngozi, na njia ya huko kupitia Geita imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025. Moshi nako kipo kiwanda cha ngozi cha Karanga. Bizimu na ribiti nzuri nazo zataka kuagizwa mjini. Kwa hivyo vichache ndivyo nilivyomshauri kijana atumie fedha yake iliyobaki, tena avione kwa macho na kuvipinda kwa mkono kabla ya kulipa.

Na nilimpa sharti moja: asiguse tandiko la farasi kabla ya kushona la baiskeli. Tandiko baya la baiskeli humwumiza mwanadamu, naye ana ulimi wa kulalamika. Tandiko baya la farasi au punda humtoboa mgongo mnyama asiyeweza kusema. Mtume (s.a.w.) alimwona ngamia ambaye tumbo lake lilikuwa limeshikana na mgongo kwa njaa, akawaonya watu wamche Mungu katika haki ya wanyama hawa wasiosema, wawapande wakiwa katika hali njema. Fundi wa tandiko yu chini ya onyo hilo hata kama hampandi mnyama mwenyewe, kwani kosa la mshono wake hubebwa na mgongo wa mwingine.

Miezi 3 imepita. Tandiko la kwanza la baiskeli lilipasuka, maana kijana alikuwa na haraka akaikausha ngozi karibu na moto. La pili limeketi juu ya baiskeli ya mchukuzi mmoja wa ndizi, na kila siku hupanda na kushuka vilima vya Kasulu. Wengine 4 wamekwisha kuagiza. Mti wa tandiko la farasi umekauka vizuri, umevikwa ngozi yake, nao umening’inia kibandani ukingoja ngozi nene. Kijana alimpelekea bwana wa Arusha habari za kweli bila kuficha, naye akajibu kuwa atangoja hata mwisho wa kiangazi, wala hakuahidi zaidi ya hayo. Pikipiki haijanunuliwa.

Ama sisi wenye nyumba, Idi ya Kuchinja yaja kila mwaka. Ngozi ya udh-hiya yetu haturuhusiwi kuiuza, wala kumlipa mchinjaji kwayo. Twaweza kuitumia au kuitoa sadaka. Je, ni ngozi ngapi hutupwa jalalani siku ile, na huku vijana wa msikiti ule ule hawana kazi? Ingefaa kila msikiti uweke watu 2 au 3 wajuao kuchuna kwa mkono, na gunia la chumvi, na mahali penye kivuli. Kisha ngozi wapewe mafukara na mayatima wanaojifunza ufundi, kwa shauri la masheikh wetu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mbuzi mmoja.

Wala tusingoje Idi. Siku yoyote tutakayochinja nyumbani, na tumwite mtoto wetu wa kiume aliye karibu, tumwambie asogee, tukunje mikono ya kanzu zetu, tumwonyeshe.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali itokayo katika kazi za mikono yetu, na atufanye wenye huruma kwa kila kiumbe kinachobeba mizigo yetu. Amin.